Vumbi la Madirisha Saba

Jumatano, 9 Aprili

Dirisha la sebuleni leo pia limekataa. Nimelisukuma kwa bega kabla ya kwenda kazini, kama ninavyolisukuma kila asubuhi tangu theluji iyeyuke. Rangi imeligandisha kwenye fremu. Rangi juu ya rangi juu ya rangi, karibu miaka mia. Yote saba yako hivyo.

Waliotuuzia walikarabati kila kitu kinachopigwa picha. Jiko jipya, makabati meupe, bafu la vigae, sakafu iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Madirisha wakayaruka. Bodi ya jengo inataka yabaki yale yale ya mbao, ya tangu kabla ya vita, ili jengo lisiharibike sura. Sura wataiona wapita njia. Joto la Julai tutalipata sisi.

Nimempigia simu Bi Lorraine, mwenyekiti wa bodi. Mzungu, mtu mzima, anaishi chini karibu na mlango mkuu na hakuna kinachompita. Amesema nijaze fomu, bodi ikae, halafu aje fundi mwenye leseni. Bodi inakaa mara moja kwa mwezi. Nimesema asante, nimekata simu nikiwa nimekasirika. Baba yangu alikuwa seremala kule Usangi, Upareni. Nimekulia kwenye maranda. Leo niombe ruhusa ya kufungua dirisha la nyumba yangu.

Mke wangu, Ruthi, amenikumbusha kwamba si nyumba yangu. Hili ni jengo la ushirika: tumenunua hisa na haki ya kuishi ndani, basi. Anapenda kunisahihisha huku anakunja nguo. Amesema pia rangi ya zamani isikwaruzwe. Alisoma kwenye karatasi za ununuzi kwamba ina sumu. Nipake mpya juu yake tu. Nimesema sawa.

Jumamosi, 12 Aprili

Msaragambo. Sijafurahi hivi tangu nije Minnesota.

Kwetu Upareni mtu akiwa na kazi kubwa, watu wanatoka na majembe yao, wanaimaliza, wanakula, wanaondoka. Hakuna fomu. Basi nimewaambia wanaume wa kikundi chetu cha maombi na wamekuja watano. Papa Bahati, Mkongo wa Goma, seremala kama baba yangu, alikuja na mashine ya msasa ya umeme. Ruthi alikuwa zamu hospitalini Maplewood mpaka jioni. Mtoto wetu, Namsifu, nilikuwa naye mimi.

Kisu kilishindwa kuyafungua madirisha. Tukayakwaruza. Yote saba, mpaka mbao ikaonekana. Vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo, likajaa kila mahali, na sisi tunaimba. Namsifu alilala chumbani, mlango umefungwa. Alipoamka nikamweka sebuleni juu ya shuka. Akaiacha shuka, akatambaa, wakampokezana mapajani. Tulikula pilau hapo hapo sakafuni. Kisha tukafagia, vumbi likajaza mifuko miwili mikubwa, Papa Bahati akaishusha kwa ngazi za nyuma akaenda nayo. Tukapaka rangi mpya.

Sasa yanafunguka kwa kidole kimoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kinafungua dirisha ikiwa watu sita wamelikwaruza.

Ruthi alisimama mlangoni, upepo unampuliza mtandio, akacheka. Halafu akauliza, "Lakini hamkukwaruza?" Nikamwambia tumepaka juu tu. Ruthi si fundi, kwake rangi mpya ni rangi mpya. Uongo mdogo. Sikutaka kuiharibu siku.

Jumapili, 27 Aprili

Namsifu ametimiza mwaka. Meno mawili chini, mawili juu. Hatembei bado, lakini anajivuta na kusimama popote penye kitu cha kushika. Mahali anapopapenda ni dirisha la sebuleni. Kidevu chake kinafika sawasawa kwenye ukingo. Anasimama hapo anatazama mbwa wa watu wanapita, na anaitafuna ile mbao.

Nimempiga picha. Nimeituma kwa bibi zake wote wawili.

Jumanne, 6 Mei

Kliniki, ukaguzi wa mwaka mmoja. Uzito mzuri, urefu mzuri. Sindano mbili. Wamemtoboa kidole pia, tone moja la damu, kupima madini ya risasi. Wanawapima watoto wa umri huu, wamesema. Amelia mpaka kwenye gari.

Alhamisi, 8 Mei

Walinipigia nikiwa kazini Roseville, kwenye nyumba ya wazee, nimeshika kijiko nikimlisha mzee wangu wa chumba cha tatu. Muuguzi wa kliniki. Sauti ya upole mno. Nilijua kabla hajamaliza jina la mtoto.

Damu ya Namsifu ina risasi. Namba ni kumi na saba. Haitakiwi kufika hata nne. Amesema kipimo cha kidole wakati mwingine hudanganya, hasa mkono ukiwa mchafu, kwa hiyo kesho tumlete wachukue damu ya mshipa.

Akauliza kama nyumba yetu ni ya zamani. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kumekuwa na ukarabati wowote hivi karibuni.

Nimesema hapana. Limetoka lenyewe, kabla sijafikiri. Nilirudi kwa mzee wangu, uji umepoa, kijiko nikakipeleka shavuni badala ya mdomoni, akanishika kifundo cha mkono. Yeye ndiye mgonjwa na yeye ndiye alinishika.

Ijumaa, 9 Mei

Damu ya mshipa. Ruthi alimshika kifua, mimi nilishika miguu. Mshipa wa mtoto ni mwembamba kama uzi, walikosa mara ya kwanza. Ruthi alikuwa akisema, "Pole mama, pole mama," bila kukoma. Nilimwomba Mungu kwamba mkono ulikuwa mchafu. Sala ya ajabu.

Jumatatu, 12 Mei

Kumi na nne.

Kwa hiyo ni kweli. Daktari ametueleza kwa utaratibu, na Ruthi ni muuguzi msaidizi, ameelewa haraka kuliko mimi. Kwa kiwango hiki hakuna dawa. Hakuna kidonge, hakuna dawa ya maji, hakuna kumsafisha damu. Apewe vyakula vya madini ya chuma, maziwa, anawishwe mikono kutwa, na chanzo kitafutwe kiondolewe. Namba itashuka yenyewe, polepole. Nikauliza madhara. Akasema risasi huenda kwenye ubongo. Inaweza kugusa kusema, kujifunza, utulivu. Inaweza pia isionekane popote. Kwa mtoto huyu hawezi kusema.

Nilitaka aseme. Hata kibaya, aseme.

Naogopa. Nimekaa kwenye kiti cha jikoni, jiko zuri la kupigwa picha, na naogopa.

Jumanne, 13 Mei

Nimelitafuta faili la ununuzi. Kijitabu kipo. Kinasema jengo la umri huu lina rangi ya risasi, kinasema usikwaruze, usitumie mashine ya msasa, weka watoto mbali. Kuna picha ya mtoto kwenye dirisha. Ukurasa wa mwisho kuna sahihi mbili. Ya Ruthi, na yangu.

Siku ile tulisaini karatasi zaidi ya thelathini. Yeye alikuwa anasoma, mimi nilikuwa nageuza kurasa na kutazama dari.

Nimelirudisha faili mahali pake. Nitamwambia Ruthi kesho.

Jumatano, 14 Mei

Sikumwambia. Na sasa imekuwa vigumu zaidi, kwa sababu ya udongo.

Leo alikuja muuguzi wa kaunti. Dada mpole, alivua viatu bila kuambiwa. Ana orodha ndefu ya maswali. Sufuria mnazotumia zimetoka wapi. Viungo vya kupikia. Vyombo vya udongo. Wanja, mtoto amewahi kupakwa. Halafu: mama, ulipokuwa mjamzito, uliwahi kula udongo?

Ruthi akaweka mkono tumboni. Nilimwona akibadilika rangi.

Alikula. Kila siku, kuanzia mwezi wa nne hadi wa nane. Ule wa kuoka, wa vipande, kutoka duka la Waafrika. Akiutafuna kwenye gari akienda kazini, harufu ya mvua ya kwanza, alikuwa akisema. Mama yake alikula, bibi yake alikula. Muuguzi akaeleza kwamba udongo wa namna hiyo mara nyingine hukutwa na risasi, huingia kwa mama, huenda kwa mtoto tumboni, na kiasi huweza kupita kwenye maziwa. Akasema pia isichukuliwe kuwa ndiyo sababu, nyumba ya zamani ndiyo inayoshukiwa kwanza. Ruthi hakulisikia hilo la mwisho. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mikono.

Muuguzi akauliza tena habari za ukarabati. Ruthi akajibu yeye, kwa niaba yangu. "Mume wangu alipaka rangi juu tu. Hakukwaruza."

Nilitazama zulia.

Mkaguzi wa nyumba atakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Ruthi naye ametolewa damu.

Alhamisi, 15 Mei

Ametupa sufuria zote za alumini tulizotoka nazo nyumbani. Ametupa bizari, mdalasini, iliki, wanja wake wa harusi. Amefungua kila kabati. Jikoni kumebaki vyombo vya dukani na chumvi.

Na amemwachisha Namsifu ziwa. Muuguzi alisema asifanye hivyo, asubiri majibu ya damu yake. Hakusubiri. Mtoto anamvuta blauzi, analia, anamvuta, na Ruthi ameshika mikono yake miwili midogo na kumwimbia huku yeye mwenyewe analia. Amejifunga kanga kifuani ikaze, maziwa yasishuke. Anaumwa. Nimemletea kitambaa cha maji baridi. Ameniambia asante.

Nilikuwa nimesimama pale na kitambaa. Sentensi moja tu ingetosha. Tulikwaruza. Neno moja.

Sikulisema. Najua kwa nini na naliandika hapa ili angalau mahali pamoja pasiwe na uongo. Wakati kosa liko kwa udongo, haliko kwangu. Ndivyo ilivyo. Hakuna lingine.

Alipotoka kwenda kununua maziwa ya kopo nilichukua kitambaa kibichi nikapitisha kwenye mifereji ya madirisha, mle fremu inamoteleza. Kimetoka cheupe. Mwezi mzima, na bado vumbi limo. Kila tukifungua na kufunga linapukutika. Kila upepo mzuri niliojivunia umekuwa ukimpulizia vumbi usoni.

Nimefunga madirisha yote. Nimesema kuna chavua.

Jumamosi, 17 Mei

Bi Lorraine amegonga. Kaunti imemwandikia kuhusu ukaguzi. Nilijua amekuja na kanuni zake, nikajiandaa kuwa mkali. Amekuja na keki. Ameuliza hali ya mtoto. Amesema amelea wawili katika jengo hili na hataki kusikia kwamba lina sumu, macho yake mekundu. Amemshika Ruthi bega.

Nilimchukia kwa wema ule. Angenifokea ningepumua.

Namsifu amekataa chupa mara tatu. Nimemtazama kutwa. Anasema "ba" na "ma" na kitu kama "da". Kabla ya hapa alikuwa anasema ngapi? Sikumbuki. Mtoto wa kaka yangu alisema nini akiwa na umri huu? Nimempigia kaka kumuuliza, akacheka, akasema watoto si mahindi, hawaoti kwa mstari. Sikumweleza kitu.

Jumapili, 18 Mei

Nimesema. Lakini si kwa ushujaa, nisijipake mafuta.

Kikundi cha maombi hukutana Jumapili alasiri kwenye chumba cha chini cha kanisa tunachoazimwa. Baada ya nyimbo kuna ushuhuda, anayetaka anasimama. Ruthi akasimama. Sikujua kwamba atasimama. Akawaambia wanawake wenzake waache kula udongo. Akasema yeye kwa mkono wake mwenyewe amemlisha mwanawe sumu, tumboni na kwenye ziwa, na anaomba msamaha kwa Mungu, kwa mtoto, na kwangu mimi mumewe, ambaye hajamlaumu hata mara moja.

Hajamlaumu hata mara moja. Alisema hivyo mbele ya watu wote.

Wanawake walimzunguka wakamwekea mikono. Wanaume walikuwa upande wa pili. Watano wale wa msaragambo wote walikuwepo. Wote watano walikuwa wanatazama viatu vyao, isipokuwa Papa Bahati. Yeye alikuwa ananitazama mimi.

Alinifuata hadi kwenye gari. "Baba Namsifu. Tulikwaruza. Ile vumbi iliingia mu manguo yangu, nikarudi nayo ku nyumba, batoto wakanirukia. Kesho nabapeleka ku docteur. Na mama anajitesa bure pale." Hakupandisha sauti. "Umwambie wewe, ao mi nitamwambia."

Nilimngoja Ruthi ndani ya gari. Akamfunga Namsifu kwenye kiti chake nyuma, akakaa mbele, akafunga mkanda. Nikasema. Yote. Mashine, shuka, pilau sakafuni, mtoto akitambaa, kitambaa cheupe, sahihi kwenye kijitabu, nilichomjibu muuguzi kwenye simu. Nilizungumza nikitazama usukani.

Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja. "Siku ngapi umeniacha hivi?"

Nikamwambia, tangu Jumatano. Siku nne.

Akafungua mkanda. Akatoka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akamtoa Namsifu kwenye kiti. Akakaa naye pale nyuma, akafungua ile kanga, akamnyonyesha. Siku tatu mtoto hakuwa amenyonya. Nilimsikia akimeza kwa pupa, anakohoa, anarudi tena. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wanapunga mikono, wanaondoka. Magari yakaisha. Nilimwona Ruthi kwenye kioo, macho ameyafumba.

Mtoto aliposhiba akamfunga tena, akabaki nyuma pamoja naye. Nikaendesha.

Jumatatu, 19 Mei

Nimempigia muuguzi wa kaunti nikamwambia ukweli. Aliandika. Nilisikia anaandika. Akauliza kama tulitumia mashine, nikasema ndiyo, akavuta pumzi.

Nimemwambia Bi Lorraine. Alikaa kwenye ngazi, hapo hapo alipokuwa amesimama.

Kisha ghorofa ya chini yetu. Kuna mama kijana, mtoto wake ana miezi saba, kigari cha mtoto hukaa kwenye ngazi za nyuma. Zile ngazi tulizoshushia mifuko. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu kabla ya kugonga. Nilimweleza yote. Alimtazama mtoto aliye mkononi, akamtazama kichwa mpaka miguu kama anayetafuta alama, akafunga mlango taratibu.

Nilidhani jengo hili lina kuta. Nilichokifanya nyumbani kwangu kilikuwa kimeshuka ngazi kikamngoja mtoto wa mwingine.

Alhamisi, 22 Mei

Majibu ya damu ya Ruthi. Safi kabisa, karibu na sifuri. Risasi haikuwa kwenye maziwa. Pengine udongo ule haukuwa na kitu, pengine ulishapita zamani, hawajui. Amenisomea kwenye simu kwa sauti ile ile anayonisomea bei ya vitunguu.

Watoto wa Papa Bahati wamepimwa. Mmoja ana mbili, wengine hawana kitu. Namshukuru Mungu. Nimempigia kumwomba radhi, akasema ndiye aliyeleta mashine, tusigombanie dhambi.

Ijumaa, 23 Mei

Mkaguzi. Ana kifaa kama cha kukaushia nywele, anakiweka kwenye mbao, anangoja, anasoma namba, anaandika. Hakuliruka dirisha hata moja. Fremu, kingo, mifereji. Akapangusa sakafu kwa vitambaa vidogo akavitia kwenye vichupa. Alipofika dirisha la sebuleni alipiga magoti akatazama ukingo kwa karibu. Kuna alama za meno. Rangi yangu mpya ilikuwa imetobolewa, chini yake ya zamani inaonekana, ile iliyobaki kwenye pembe ambazo mashine haikufika.

Ruthi aliziona alama zile kwa mara ya kwanza. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Tutoke mpaka watu wenye leseni wasafishe. Ruthi na mtoto wanakwenda kwa dada yake Saint Louis Park. Dada ana chumba kimoja cha wageni. Sikuambiwa njoo. Mimi nakwenda kwa Papa Bahati.

Jumapili, 1 Juni

Nawaona mara mbili kwa wiki. Dada yake Ruthi ananifungulia mlango, ananipa chai, hanipi maneno. Nastahili. Namsifu akiniona anacheka na kutupa mikono. Yeye hana habari. Hilo linaniuma kuliko ukali wa dada mtu.

Naogopa vitu viwili sasa, na aibu yangu ni kwamba siku nyingine sijui kipi kinatangulia. Kichwa cha mtoto. Na kwamba Ruthi hatarudi.

Majuto ni mjukuu, walisema wazee. Wangu hakungoja hata mtoto atembee.

Jumanne, 10 Juni

Kikao cha bodi, kwenye chumba cha kufulia, viti vya kukunja. Kwa kanuni zao wangeweza kutuondoa. Nilisimama nikasema nilichofanya, bila kumtaja aliyeleta mashine. Sikujitetea. Nilitaka kuwaambia kwamba kwetu watu wakija kukusaidia ni baraka, lakini nikaona hapo sipo mahali pake. Vumbi halijui nia.

Yule mama kijana wa chini alinyoosha mkono. Mwanawe amepimwa, hana kitu. Akasema hajanisamehe bado ila anapiga kura tubaki, kwa sababu niligonga. Wengine wakafuata. Nimepewa onyo la maandishi. Bi Lorraine alilisoma kwa Kiingereza cha mahakamani kisha akalikunja mara mbili akanipa.

Nilikwenda kulilia kwenye gari.

Jumamosi, 14 Juni

Wamerudi. Wasafishaji wamemaliza, mkaguzi amepitisha. Nyumba inanuka sabuni na haina mazulia. Nilipiga deki tena mwenyewe kabla hawajafika, kwa maji, mara mbili, nimepiga magoti.

Ruthi aliingia na mtoto mgongoni. Akapita kila chumba akitazama. Akaniambia, "Viatu vitabaki nje kuanzia leo." Nikasema sawa. Ndiyo maongezi yetu ya siku nzima. Lakini ametandika kitanda kwa mito miwili.

Jumatano, 18 Juni

Kumi na moja.

Inashuka. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi mpaka kwenye maegesho.

Namsifu ametembea. Hatua tatu, kutoka kwenye friji hadi kwenye miguu ya mama yake, akaanguka. Ruthi alicheka kwa sauti, akanitazama ili tucheke wote, halafu akakumbuka. Nilimwona akikumbuka. Ila alikuwa ameshanitazama.

Jumapili, 20 Julai

Tisa, majibu ya juzi. Daktari ameridhika. Nimemuuliza tena lile swali langu, nimezoea kuliuliza. Kama kuna kilichopotea, tutajua lini? Amesema labda akianza shule. Labda tusijue kamwe, kwa sababu hakuna anayejua angekuwaje. Mtoto ni huyu huyu tuliye naye.

Leo hatukutoka. Joto. Ruthi amepika maharage na mchicha, ana wenzake wa hospitali kwenye simu, anacheka nao. Usiku anapolala sasa anaacha mguu wake uguse wangu. Sijui kama anajua.

Namsifu ameketi sakafuni na vikombe vyake vya plastiki, vile vya kuingizana. Mimi nimelala kwa tumbo pembeni yake. Alikuwa anakitia kikubwa ndani ya kidogo. Hakiingii. Anakigonga, anakitazama, anakitia tena vile vile. Mara ya pili. Mara ya tatu. Watoto wote hufanya hivyo. Nadhani wote. Mara ya nne.

Ruthi alikuwa ameshaweka simu. Amesimama mlangoni anatutazama. "Baba Namsifu," akasema, bila ukali, "acha kumhesabu."

Nikamwambia nimeacha. Namsifu akajaribu mara ya tano.